Kabla wapimaji hawajafika mjini kwenu

SWALI: Mimi ni diwani katika mji mmoja wa Kanda ya Ziwa. Tumeambiwa mji wetu utafanyiwa tathmini ya usafiri endelevu, na kamati yangu ndiyo itakayokaa na wataalamu. Dar es Salaam ilipewa tuzo ya dunia kwa Mwendokasi na bado watu waliendelea kubanana vituoni, ndiyo maana najiuliza hiyo tathmini inapima nini hasa. Sisi huku tuna daladala, bajaji na bodaboda tu. Tufanyeje ili isiishie kabatini kama zilizotangulia?

JIBU: Mheshimiwa, nianze na hiyo tuzo, maana nusu ya jibu lako limo humo.

Ni Tuzo ya Usafiri Endelevu ya mwaka 2018, na Dar ilikuwa jiji la kwanza la Afrika kuichukua. Haikutolewa kwa huruma. Awamu ya kwanza ya Mwendokasi, kilomita 21 kutoka Kimara hadi Kivukoni pamoja na matawi ya Morocco na Gerezani, ilianza kubeba abiria Mei 2016, na mtu wa Kimara aliyezoea kutoka nyumbani alfajiri ya giza ili awahi kazi akarudishiwa usingizi wake. Basi lilikuwa na njia yake lenyewe katikati ya barabara. Sakafu ya kituo ililingana na mlango wa basi, tiketi ilikatwa getini kabla ya kupanda, na pembeni kulikuwa na njia ya miguu na ya baiskeli. Majaji waliyaona hayo, nayo yalikuwepo kweli.

Ila fuatilia yaliyoendelea. Mfumo ulisanifiwa kwa mabasi 305, huduma ikaanza na 140 kwa mkataba wa mpito. Karakana ilijengwa Jangwani, bondeni kabisa, ambako Mto Msimbazi hauombi ruhusa kupita, na mafuriko yakaingia humo zaidi ya mara moja mabasi yakiwa ndani. Mabasi 70 ya nyongeza yalipoletwa mwaka 2018 yalikwama bandarini kwa mvutano wa kodi. Upande wa Mbagala, njia na vituo vya awamu ya pili vilikaa tayari muda mrefu vikisubiri magari. Katika yote hayo, zege halina kosa hata moja. Ni maswali ya nani anaagiza mabasi, kwa fedha ipi, kwa mkataba unaosema nini, na nani alikuwa na mamlaka ya kusema "hapa bondeni hapajengwi karakana" akasikilizwa.

Waliotunga vigezo vya mabasi ya aina hii wanalijua hilo. Kiwango cha kimataifa cha BRT, yaani mabasi ya haraka kama Mwendokasi, kina alama za usanifu, yaani njia, vituo, milango na tiketi. Halafu kina makato ya huduma. Basi likijaa kupita kiasi unakatwa, magari mengine yakivamia njia unakatwa, basi likipita mara chache unakatwa. Mji unaweza kujisifia zile alama za kwanza kwa miaka kumi bila mtu kuuliza makato yalikuwa mangapi.

Kwa hiyo wapimaji wakifika, swali lako la kwanza kwao liwe hili: mnakuja kupima tulichojenga, anachokipata abiria, au namna tunavyojiendesha? Ya kwanza ni rahisi, mtu anazunguka na gari siku mbili akihesabu taa na vituo. Ya pili inataka watu wa kusimama barabarani na kalamu. Ya tatu ndiyo inayowaumiza vichwa wengi kwa sababu majibu yake hayako barabarani, yako ofisini kwenu, kwenye mihtasari ya vikao na kwenye kasma za bajeti. Hadidu za rejea nyingi nilizozisoma, yaani karatasi inayoeleza kazi waliyopewa wataalamu, hutaja zote tatu ukurasa wa kwanza, kisha siku zote za kazi zinamalizikia kwenye ile ya kwanza. Omba kuziona hadidu hizo mapema. Tazama siku zimegawanywaje, utajua wanachokijia.

Kuna njia moja ya kupima usimamizi ambayo naipenda, ingawa ilizaliwa mbali na sisi na ilitungwa kwa ajili ya baiskeli. Inaitwa BYPAD, imekuwa ikitumika katika miji ya Ulaya tangu 1999. Haianzi na takwimu. Inakusanya watu wa aina tatu: wanasiasa wanaoamua, watumishi wanaotekeleza, na watumiaji wenyewe wanaoendesha baiskeli kila siku. Kila mmoja anapewa dodoso lilelile, analijaza peke yake nyumbani, anaipa kazi ya mji alama kwa kila swali. Baada ya hapo wanakutana, alama zinawekwa mezani, na mwezeshaji anawauliza: mbona wewe umetoa tatu na mwenzako sifuri? Hawatoki mpaka wakubaliane alama moja.

Alama zenyewe ni ngazi nne, na majina yake ya utani yananichekesha kila mara. Ngazi ya chini ni ya zimamoto: mji unashughulika pale tu panapowaka. Inafuata ya mtu aliye peke yake kisiwani, yaani kuna ofisa mmoja mwenye bidii anayefanya mambo mazuri, ila akihamishwa kila kitu kinahama naye. Ya tatu mji umeshaanza safari, una sera na bajeti ya uhakika. Ya nne idara na wadau wa nje wanafanya kazi kama timu, na mwaka hadi mwaka. Ukiijaribu hii kwa miji yetu, kwa uaminifu, mingi tuko kati ya zimamoto na kisiwani. Si aibu. Aibu ni kujiandikia tatu.

Nikueleze ninachokiona katika vikao vya namna hii. Mwaka mmoja nilikaa katika kikao cha watu saba, katika mji ambao sitautaja: mhandisi wa barabara, afisa mipango miji, madiwani wawili, mwalimu mkuu, mwenyekiti wa kijiwe cha bodaboda, na mama mmoja anayeuza nyanya sokoni. Swali lilikuwa kama watembea kwa miguu wanapewa nafasi salama katika barabara zinazojengwa upya, alama kutoka sifuri hadi nne. Mhandisi alitoa tatu, afisa mipango tatu, madiwani mmoja mbili na mwingine tatu, bodaboda mbili, mwalimu moja, mama sifuri. Piga hesabu, wastani wake ni mbili kamili. Ripoti ya kawaida ingeandika mbili kati ya nne, "inaridhisha kiasi", tukaenda kunywa chai.

Mwezeshaji alimgeukia mama kwanza. Akasema barabara mpya ya lami pembeni ya soko ina mtaro wazi upana wa hatua moja. "Nikibeba tenga kichwani siangalii chini, naangalia mbele. Siku ya mvua mtaro na barabara ni rangi moja." Mhandisi alikasirika kidogo, akafungua michoro kwenye kompyuta yake. Na kweli, vifuniko vya mtaro vilichorwa, na njia ya miguu ya mita moja na nusu ilichorwa. Hakuwa amedanganya kutoa tatu, alikuwa amepima mchoro. Tukaanza kufuatilia vilipotelea wapi. Ilituchukua karibu saa mbili, faili moja baada ya jingine. Zabuni zilirudi na bei kubwa kuliko bajeti, ikabidi mkataba upunguzwe, na vya kwanza kuondoka vilikuwa vifuniko na njia ya miguu, kwa sababu lami ikipungua kila mtu anaona. Mabadiliko yale hayakuhitaji kupita kwenye kamati yoyote. Sahihi mbili zilitosha.

Tazama kilichopatikana. Si kwamba mtaro hauna vifuniko, hilo kila mpita njia analijua. Kilichopatikana ni kwamba katika mji ule hapakuwa na mahali palipoandikwa nani anaruhusiwa kufuta njia ya miguu kutoka kwenye mkataba wa barabara. Dawa yake ilikuwa aya moja katika taratibu za halmashauri: kiungo chochote cha watembea kwa miguu kikipunguzwa, kamati ya mipango miji ijulishwe kabla ya sahihi. Haikuhitaji mfadhili. Na bila yule mama isingepatikana, kwa kuwa wengine sita tusingekuwa na sababu ya kufungua faili.

Nimekaa sana kwenye kisa hicho kwa kuwa ndicho ninachotaka ukichukue kuliko mengine yote. Alama zisijazwe na mpimaji. Zijazwe na watu wenu, kila mtu peke yake, na tofauti kati yao ndiyo iwe ajenda.

Sasa nije kwa daladala, maana umeandika "daladala, bajaji na bodaboda tu" kana kwamba hizo si usafiri wa mji. Ndiyo mfumo wenu. Nao una usimamizi wake tayari, isipokuwa hauko halmashauri.

Chukua Hiace moja. Tajiri anamkabidhi dereva gari asubuhi, jioni anataka hesabu, tuseme elfu sabini. Mafuta ni ya dereva. Kinachobaki ndicho chake na konda. Kwa mpango huo, dereva mwenye akili timamu atafanya mambo matano unayoyalalamikia kwenye baraza kila robo mwaka. Saa nne asubuhi abiria wakiwa wachache atakaa stendi mpaka gari lijae, abiria wa kwanza aungue jua. Saa kumi na mbili jioni atakimbia kama anafukuzwa. Ruti ikiwa ndefu na mwisho wake hauna watu atakatisha njia panda na kugeuza. Mwanafunzi anayelipa nauli ndogo atazuiwa na mkono wa konda mlangoni. Hesabu ikitimia saa mbili usiku ataegesha, na muuguzi anayetoka zamu saa tatu atapanda bodaboda. Unaweza kumpiga faini kwa kila moja ya hayo, na polisi wanapiga, lakini faini nayo inaingia kwenye hesabu, kwa hiyo kesho atakimbia zaidi.

Leseni ya LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, inaonyesha ruti na nauli. Kwa kawaida haimwambii mwenye daladala gari lipite kila baada ya dakika ngapi, wala la mwisho liondoke saa ngapi. Hapo ndipo pana pengo, na hapo ndipo tathmini ya mji kama wenu inatakiwa kuchimba: nani ananunua huduma, na ananunua nini? Kwa sasa tajiri ananunua hesabu. Hakuna anayenunua safari ya saa tatu usiku.

Lagos walianzia kwenye swali hilo. Mamlaka yao ya usafiri wa jiji, LAMATA, iliundwa kwa sheria ya mwaka 2002, basi lolote la haraka likiwa halijaotwa hata ndotoni. Miaka sita baadaye, Machi 2008, wakafungua kilomita 22 kutoka Mile 12 hadi CMS kwa njia rahisi, isiyo na anasa za mabasi ya haraka ya Bogotá, Kolombia, na waendeshaji wa mwanzo walikuwa ushirika uliotokana na chama chenyewe cha wafanyakazi wa mabasi ya mitaani. Walewale waliokuwa wakikatisha ruti. Kilichobadilika ni kwamba palikuwa na ofisi yenye meno na mkataba wa kuusimamia. Kigali nao mwaka 2013 waligawa jiji katika kanda, kila kanda ikapewa kampuni kwa mkataba, badala ya kila mwenye basi kugombea kila kituo. Sisemi miji hiyo haina matatizo leo. Nasema walipima na kurekebisha mahali panaposhikika.

Ninyi hamuwezi kuunda mamlaka, wala mji wa ukubwa wenu hauhitaji. Lakini halmashauri ina kitu ambacho wenye daladala wanakitaka: nafasi ya kupakia stendi na ushuru wanaoulipa. Kaeni na chama chao. Gari litakaloondoka saa tatu na nusu usiku kwa zamu, liwe na abiria kumi au wawili, lisamehewe ushuru wa wiki, au lipewe nafasi ya kwanza kwenye foleni ya alfajiri. Hiyo ni biashara ndogo inayoweza kuandikwa kwenye ukurasa mmoja na kuanza bila kumsubiri waziri. Mkiona inashika, mpelekeeni LATRA kama sharti la leseni za ruti hiyo.

Kuhusu takwimu. Wapimaji watakuja na orodha. Inayoheshimika ni ya Malengo ya Maendeleo Endelevu, lengo la 11, ambayo huuliza ni watu wangapi wanakaa ndani ya mita 500 kutoka kituo cha basi, au kilomita moja kutoka kituo cha treni na vyombo vingine vikubwa. Si kipimo kibaya, ila huku kwetu kina uongo wake: kibao cha kituo kinaweza kuwepo mita mia mbili kutoka mlangoni pako na gari lisipite mpaka kesho. Tume ya Umoja wa Mataifa ya uchumi wa Asia na Pasifiki nayo ina kipimo chake cha viashiria 10, kilichojaribiwa Hanoi, Colombo, Kathmandu na Jakarta, ambacho mwishoni hutoa alama moja kwa mji mzima. Hiyo alama moja iache, ni ya kuchapisha magazetini. Ndani yake, hata hivyo, kuna viashiria viwili ambavyo ningevichukua bila kusita.

Kimoja ni vifo vya barabarani kwa kila watu 100,000. Nyie muende mbali zaidi ya idadi: polisi wana daftari lao, hospitali ina lake, na mara nyingi hayafanani, kwa sababu majeruhi wa bodaboda hupelekwa hospitali na rafiki yake bila polisi kujua. Weka madaftari mawili pamoja, chora nukta kwenye ramani ya mji. Kwa uzoefu wangu nukta nyingi hurundikana sehemu tatu au nne, na katika hizo utakuta shule moja na njia panda moja ambayo kila mtu alikuwa akiijua.

Kingine ni nauli ikilinganishwa na kipato. Usikubali ipimwe kwa nauli ya daladala peke yake. Mama ntilie anayekaa pembezoni anatoka kwa bodaboda ya elfu moja hadi barabara kuu, kisha daladala ya mia sita. Kwenda na kurudi ni 3,200. Siku 26 za mwezi ni 83,200. Kama anabakiwa na laki mbili na nusu, theluthi nzima ya jasho lake inaishia barabarani, na katika hiyo sehemu kubwa ni ile bodaboda ya kwanza, si daladala. Ndiyo maana napata wasiwasi kila nikisikia mji unahamisha stendi nje kabisa kwa sababu kuna eneo kubwa na zuri. Jengo linapendeza, picha zinatoka vizuri, na kila msafiri ameongezewa nauli moja ambayo haikupigiwa kura na baraza lolote. Kama hilo liko mezani kwenu, liingizeni kwenye tathmini kwa jina lake.

Zaidi ya hayo viwili, mtu mmoja mwenye karatasi anatosha kuwapa mengi. Kaa kituo chenye watu kuanzia saa kumi na mbili hadi saa mbili asubuhi, siku ya Jumanne, siku ya gulio na siku ya mvua. Andika kila gari lililopita, na ni wangapi walibaki chini lilipoondoka. Hesabu wanafunzi kwenye safu yao wenyewe. Usiku andika saa ya gari la mwisho. Wanafunzi wa chuo cha karibu wanaweza kuifanya kazi hiyo kwa posho ya kawaida. Nairobi, kati ya 2012 na 2014, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi wakishirikiana na vyuo vya Marekani walipanda matatu wakiwa na simu mkononi, wakarekodi ruti zaidi ya 130 ambazo hakuna ofisi iliyokuwa na ramani yake, data yote ikawekwa wazi kwa umma. Mji wenu una ruti ngapi, nane? Kumi na mbili? Ni kazi ya wiki mbili. Na data ibaki kwenu. Hili lisisitize kwenye mkataba, kwa sababu nimeona mji ukinunua mara ya pili takwimu zake wenyewe.

Tembeeni pia. Mchukue mtaalamu saa moja asubuhi, mwende naye kwa miguu kilomita mbili kutoka mtaa wa pembezoni hadi soko, mkiwa na mama mwenye mtoto mgongoni na mtu anayetumia kiti cha magurudumu. Bila gari la kuwafuata nyuma. Mambo atakayoyaandika baada ya hapo ni tofauti sana na ya aliyetazama dirishani.

Tatizo litakalowakwamisha, nakwambia mapema, ni mikono mingi. Barabara kuu inayokatiza mji ni ya TANROADS, za mitaa ni za TARURA, leseni na nauli ni LATRA, kusimamisha gari ni polisi wa usalama barabarani. Kwenu halmashauri mmebaki na stendi, masoko, vijiwe na mipango ya ardhi. Madiwani wengi wakiambiwa hivyo hukata tamaa, au hugeuza tathmini kuwa barua ndefu ya kuzilaumu taasisi nyingine. Nairobi walikuwa na tatizo la namna hiyo kwa ukubwa wao: jiji limevuka mipaka, watu wanalala Kiambu au Kajiado na kufanya kazi mjini. Mwaka 2017 ikaundwa NaMATA, mamlaka ya usafiri inayojumuisha kaunti tano. Kwa mji wenu inatosha meza moja. Kila baada ya miezi miwili, meneja wa TARURA, ofisa wa LATRA, mkuu wa trafiki, afisa mipango miji, mwenyekiti wa chama cha daladala na wa bodaboda, mbele ya ile ramani ya nukta. Mwenyekiti awe mtu mwenye cheo cha kuwaita wote wakaja, na kwa mazingira yetu huyo ni mkuu wa wilaya au mkurugenzi, si mtaalamu mshauri.

Halafu ardhi, ambayo hakuna mtu huiita usafiri. Mkigawa viwanja vipya kilomita tisa kutoka soko bila kutenga barabara ya daladala, mmeshapanga bodaboda ya elfu moja kwa kila familia kwa miaka thelathini. Tathmini nyingi hazifungui faili la viwanja. Ya kwenu ifungue.

Sasa lile la kabati. Ripoti huingia kabatini kwa sababu ina mapendekezo sitini na mbili na hayana mwenyewe. Mwisho wa kikao cha mwisho, kabla watu hawajaondoka, chagueni matatu. Matatu tu, hata kama mshauri atanuna. Kila moja liandikiwe jina la cheo kitakachowajibika, kasma ya bajeti itakayolipia, na tarehe. Linalohitaji fedha likikosa kasma, liondoeni mchague jingine, msijidanganye. Na moja kati ya hayo matatu liwe ni jambo lisilohitaji fedha kabisa, kama ile aya ya njia ya miguu, ili lionekane ndani ya miezi mitatu na watu wapate imani. Kisha wekeni tarehe, miezi kumi na miwili mbele, ya kuwakutanisha watu walewale saba au kumi na wawili na dodoso lilelile. Mkataba wa mshauri uache sehemu ya malipo yake mpaka siku hiyo. Miji ya Ulaya inayofuata mwongozo wao wa mipango ya usafiri endelevu, uliotoka 2013 na kurekebishwa 2019, huwa na hatua kumi na mbili, na ya mwisho ni kurudi kujitazama na kuanza duru nyingine. Sisi huishia hatua ya uzinduzi, ile yenye fulana.

Utakapopanga tarehe ya kikao, kumbuka konda hana likizo. Ukimwita Jumatano saa tatu asubuhi kwa posho ya chai hatakuja, atakuja mwenyekiti wa chama ambaye alishuka kwenye gari miaka kumi iliyopita. Muulize tajiri hesabu ya siku hiyo ni shilingi ngapi, iingize kwenye bajeti ya kikao kama ilivyo, na gari lisimame siku moja. Akishaketi, mpe dodoso la kwanza yeye, kabla ya mhandisi.